Marehemu Amekaa Kwenye Kochi

Mwanamume nadhifu wa miaka arobaini hivi amekaa kwenye kochi. Mbele yake yuko bibi wa miaka themanini na kitu ambaye hamu ya chakula imemwisha, na bwana huyu anambembeleza ale angalau kijiko kimoja cha siagi ya karanga. Bibi anamtania, anamchokoza, anamgeuzia maneno, kama mke anavyomfanyia mume aliyemzoea. Kisha bibi anapita mbele yake na mguu wake unapenya kwenye viatu vya yule bwana bila kugusa kitu. Bwana huyo, Walter, alikwisha kufa miaka mingi nyuma. Anayeonekana kwenye kochi ni mwanga, na nyuma ya mwanga huo kuna programu ya kompyuta.

Hila za kompyuta katika filamu ya Marjorie Prime, iliyotoka mwaka 2017, karibu zinaishia hapo. Hakuna chombo cha anga wala bunduki ya miale. Kuna nyumba ya ufukweni, bahari, mvua, sebule, glasi ya wiski mkononi mwa mkwe, na watu wachache wanaozungumza. Mwongozaji Michael Almereyda aliandika filamu hii mwenyewe kutoka kwenye tamthilia ya Jordan Harrison yenye jina hilohilo, iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza mwaka 2014 katika ukumbi wa Mark Taper Forum, Los Angeles, na mwaka uliofuata ikachezwa New York, katika ukumbi wa Playwrights Horizons. Mwaka 2015 ilikuwa miongoni mwa tamthilia zilizofika hatua ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Pulitzer. Filamu nayo ilionyeshwa katika tamasha la Sundance Januari 2017 na kuondoka na tuzo ya Alfred P. Sloan, inayotolewa kwa filamu inayogusa sayansi au teknolojia. Mtu akiingia katikati na kutazama dakika kumi, atauliza sayansi yenyewe iko wapi.

Ni swali la haki. Wengi wetu tuliijua sayansi ya kubuni kwenye vibanda umiza, ambako filamu isiyo na stelingi wala adui haikumaliza siku mbili. Simwoni DJ Afro, yule msimulizi wa filamu za vibandani, akiitia maneno hii: hakuna wa kushangilia, hakuna wa kuzomea, na hakuna anayekimbia. Lakini jukwaa na sayansi ya kubuni ni ndugu wa siku nyingi kuliko tunavyodhani. Roboti waliingia duniani kupitia tamthilia, R.U.R. ya Karel Čapek, iliyochezwa Prague mwaka 1921, na televisheni ya BBC ilionyesha kipande cha tamthilia hiyo mapema, Februari 1938. Jukwaa halina fedha za kuonyesha sayari nyingine. Likitaka kuzungumzia mashine, humweka mtu mbele ya mtu na kuwaambia watazamaji kwamba mmoja wao si mtu. Kazi inayobaki ni ya mwigizaji.

Harrison aliuchukua umaskini huo wa jukwaa akaufanya ndiyo hadithi. Katika dunia yake ya miaka ya mbele, familia inaweza kuagiza nakala ya marehemu, ambayo huitwa Prime. Nakala inakuja na sura, sauti na umri unaoutaka. Marjorie, ambaye akili imeanza kumponyoka kwa ugonjwa wa kusahau, ameletewa mumewe Walter akiwa bado kijana na mzuri wa kupendeza, si yule mzee aliyemzika. Kazi ya Walter huyu ni kukaa naye na kumsimulia maisha yake mwenyewe ili asiyasahau. Ila nakala haiji ikiwa inajua chochote. Lazima isimuliwe kwanza. Jon, mume wa binti yao Tess, ndiye anayekaa na Walter usiku, glasi mkononi, akimlisha habari: mlikutana vipi, mbwa wenu aliitwa nani, usiguse jambo gani. Anapoulizwa kitu ambacho hajapewa, Walter anajibu kwa adabu ya karani wa mapokezi kwamba taarifa hiyo hana.

Hapo ndipo tamthilia inapoufungua mlango wake mkubwa. Kama nakala inajua yale tu inayoambiwa, basi mwambiaji ndiye mwenye kumbukumbu, na mwambiaji ana mapendeleo yake. Walter anamkumbusha Marjorie usiku aliomchumbia: walikuwa wametoka kutazama My Best Friend's Wedding, filamu ya Julia Roberts ya mwaka 1997. Marjorie anasikiliza, anaona haina hadhi. Anapendekeza kwamba badala yake wawe walitazama Casablanca, kwenye jumba la sinema la kizamani, kisha wakarudi nyumbani. Watakapozungumza tena, anasema, itakuwa ni kweli. Walter hapingi. Atapinga kwa kutumia nini?

Nimeirudia sehemu hiyo na kila mara nacheka kwanza, halafu nanyamaza, kwa sababu ni jambo tunalolifanya nyumbani bila mashine yoyote. Mwenye mzazi aliyeanza kusahau analijua. Babu anauliza mkewe yuko wapi, na mkewe tulishamzika. Mara ya kwanza unamwambia ukweli, naye analia kama ndiyo kwanza amefiwa, na kesho anauliza tena. Kufikia wiki ya pili nyumba nzima imeshakubaliana bila kikao: bibi amekwenda Moshi kwa shangazi, atarudi Jumapili. Mjukuu wa miaka sita anaijua hadithi hiyo na anaisema bila kupepesa macho. Babu anatulia, anakunywa uji wake. Familia imemtengenezea nakala ya bibi kwa maneno matupu, na haikulipa kampuni yoyote.

Tess hapendi. Geena Davis anamcheza kwa uso uliobana, mwanamke wa makamo anayeona wivu kwa sababu mama yake anamfurahia Walter wa mwanga kuliko anavyomfurahia binti wa damu. Anaona pia kwamba kile kifaa kinamchungulia, kinamsoma, kinajifunza. Jon, ambaye ni Tim Robbins, anakitetea kwa kuwa anaona mama mkwe ametulia. Ugomvi wao ni wa kawaida kabisa, ugomvi wa mume na mke kuhusu mgonjwa aliye chumba cha pili, na ukawaida wake ndio unaoifanya filamu hii iaminike. Katika mabishano hayo Tess anamtaja William James, mwanasaikolojia wa Marekani, na wazo kwamba mtu akikumbuka jambo huwa halirudii jambo lenyewe. Hurudia mara ya mwisho alipolikumbuka. Kila ukumbusho ni nakala ya nakala. Tess analisema hilo kama pingamizi dhidi ya mashine, bila kutambua kwamba limemgeuza kila mtu mezani kuwa Prime.

Jukwaani, sehemu ya pili ya tamthilia inaanza na Tess akizungumza na mama yake. Mama yuko vizuri leo. Amekaa wima, anasikiliza, anajibu kwa upole ambao hatukuuona hapo awali, na watazamaji wanafurahi kwamba bibi amepata nafuu. Kisha jibu moja linakuwa na adabu iliyozidi. Jingine linafuata. Ukumbi unaanza kunong'ona, kwa kuwa umeelewa: Marjorie amekufa kati ya sehemu ya kwanza na ya pili, na tulikuwa tunamtazama mwigizaji yuleyule, kwenye nyumba ileile, akiwa kitu kingine. Hakuna moshi wala taa ya bluu. Harrison ametangaza msiba kwa kumfanya marehemu aonekane na afya kuliko alivyokuwa hai.

Mwigizaji huyo alikuwa Lois Smith, Los Angeles na New York, na Almereyda alipotengeneza filamu hakuthubutu kumtafuta mwingine. Smith alizaliwa mwaka 1930. Mwaka 1955 alionekana na James Dean katika East of Eden, na mwaka 2021, akiwa na miaka 90, alishinda Tuzo ya Tony kwa kazi nyingine ya jukwaani, The Inheritance. Kwa hiyo alipokuja mbele ya kamera kumcheza Marjorie, alikuwa ameshamzeesha na kumzika mara nyingi mbele ya watu. Inaonekana. Akiwa bibi, macho yake yanahangaika, yanatafuta neno, yanalipata, yanafurahi, yanalipoteza. Akiwa nakala, macho yaleyale hayatafuti kitu. Tofauti ni hiyo tu, na mtazamaji wa safu ya nyuma ukumbini lazima aliikosa. Kamera imemsogeza karibu, na hapo filamu inalishinda jukwaa kwa mbali.

Jon Hamm, ambaye ulimwengu ulimjua kama Don Draper wa Mad Men, alikuwa na kazi ngumu zaidi kuliko inavyoonekana. Anamcheza mtu asiye na hamu ya kitu. Waigizaji hufundishwa kwamba mhusika lazima atake jambo. Walter hataki lolote ila kuwa sahihi. Hamm anatabasamu sekunde moja zaidi ya inavyotakiwa, na inatosha. Mica Levi, aliyeandika muziki wa Under the Skin na Jackie, ameweka nyuzi zinazoteleza chini ya mazungumzo kama kitu kinachopoteza usawa wake. Nasema hivi nikijua wapo waliouona muziki huo umezidi.

Almereyda hakuwa mgeni wa mizimu ya kifamilia. Mwaka 2000 alitengeneza Hamlet iliyohamishiwa New York ya sasa, Ethan Hawke akiwa mwana wa mfalme, na mfalme mwenyewe akiwa mkuu wa kampuni. Mzimu wa baba, aliouigiza Sam Shepard, unaonekana kwanza kwenye kamera za ulinzi, kisha unayeyukia ndani ya mashine ya kuuzia Pepsi. Ni utani, lakini ni utani wa mtu ambaye tangu zamani amekuwa akijiuliza wafu wetu wanapitia waya gani. Mzimu wa Shakespeare unarudi kudai kisasi, na mwanawe hana la kuubadilisha. Walter hadai chochote. Amekuja kupokea maagizo.

Mahali ninapokosana na mwongozaji ni kwenye picha za zamani. Tamthilia haikuwahi kutuonyesha Marjorie akiwa kijana. Tulichonacho ni masimulizi, na masimulizi yanagongana. Almereyda ameingiza vipande vya ujana: Marjorie msichana, Walter wa kweli, kitanda, televisheni. Ni vipande vizuri, vimepigwa kwa mwanga wa kutamanisha. Lakini kumwonyesha mtazamaji tukio ni kumpa ushahidi, na hadithi hii inakufa kidogo kila mara ushahidi unapopatikana. Ukumbini mtu aliondoka bila kujua Walter wa kweli alikuwa mume wa namna gani. Nyumbani, mbele ya filamu, anaondoka akidhani anajua. Anayetaka kumtetea mwongozaji anaweza kusema kwamba hata vipande hivyo ni kumbukumbu ya mtu fulani, si rekodi. Ningekubali kwa moyo mweupe zaidi kama visingepigwa kwa uhakika ule.

Kuna mtu ambaye hasimuliwi. Marjorie na Walter walikuwa na mtoto wa kiume, Damian, kaka yake Tess. Alijiua akiwa kijana, akamuua na mbwa wao, Toni. Baada ya hapo jina lake lilifungiwa. Mbwa alizungumzwa, tena kwa upendo, kwa kuwa walipata mwingine wakampa jina lilelile, na kadiri miaka ilivyokwenda mbwa wawili wakawa mmoja. Damian hakutajwa. Tess amekua kwenye kivuli cha kaka asiyetajwa, akiamini mama yake alimpenda marehemu na hakubakiza kitu kwa aliye hai. Inapofika zamu yake ya kumfundisha Marjorie wa mwanga, anampa kila kitu isipokuwa hilo. Na baadaye, safarini Madagaska, Tess mwenyewe anaifuata njia ya kaka yake. Ndipo Jon anabaki na nakala ya mkewe, akilazimika kuieleza ilikufaje.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1969 katika African Religions and Philosophy kwamba mtu akifa haondoki papo hapo. Maadamu wapo walio hai waliomjua na wanaomkumbuka kwa jina, yeye ni mfu aliye hai, bado yumo katika wakati ambao Mbiti aliuita Sasa. Siku anapokufa mtu wa mwisho aliyemjua, ndipo anapozama katika Zamani. Wapo waliompinga Mbiti kuhusu hoja hiyo ya wakati, na pengine kwa haki, lakini sijaona kipimo kinachoipima Marjorie Prime vizuri kuliko hicho. Kwa kipimo hicho, Walter wa kweli bado yumo: anatajwa kila siku, hata kama kwa uongo. Damian amesukumwa kwenye Zamani na wazazi wake wenyewe, wakiwa hai, kwa kunyamaza.

Halafu tamthilia inafanya jambo ambalo Mbiti hakulitarajia. Katika sehemu ya mwisho watu wote wameondoka. Nakala tatu, Walter, Marjorie na Tess, wamekaa pamoja sebuleni. Hawana wa kumhudumia. Wanaendelea kuzungumza, kwa uchangamfu, wakibadilishana walichofundishwa na watu waliokwisha kufa. Na katika kubadilishana huko, Walter, ambaye aliambiwa habari za mtoto usiku ule wa wiski, anamtaja Damian. Wenzake wawili hawakuwa nazo. Marjorie wa mwanga anapokea habari ya mwanawe kwa utulivu, na anaifurahia kwa namna ambayo Marjorie wa nyama hakuiweza miaka yote. Jina limetajwa na wasiomjua kabisa mwenye jina. Je, Damian amerudi kwenye Sasa, au ndiyo kwanza amezikwa rasmi? Nimewasikia watu wakiiita sehemu hiyo ya faraja na wengine wakiiita ya kutisha. Mimi naiona ni zote mbili, ila kutisha kunazidi kidogo, kwa sababu ya ule upole wao. Binadamu wanaolitaja jina kama hilo kwa mara ya kwanza huwa hawana upole.

Harrison alipokuwa akiandika, haya yalikuwa ya kubuni. Hayakukaa hivyo muda mrefu. Eugenia Kuyda, mwanahabari wa zamani aliyehamia San Francisco kutoka Urusi, alimpoteza rafiki yake Roman Mazurenko aliyegongwa na gari Moscow mwaka 2015. Mwaka uliofuata alikusanya ujumbe wa simu wa marehemu, akaulisha kwenye programu, akawaruhusu marafiki kuzungumza nayo. Kampuni yake baadaye ikatoa Replika, inayotumiwa na mamilioni ya watu. Februari 2020 televisheni ya MBC ya Korea Kusini ilimwonyesha mama akiwa amevaa miwani ya uhalisia pepe na glavu zenye vihisi, akimshika mkono binti yake aliyefariki miaka michache kabla akiwa na umri wa miaka saba. Aliyeitazama video hiyo hadi mwisho bila kusimamisha ana roho ngumu. Leo kuna makampuni ya akili mnemba yanayouza huduma hii kwa mwezi, kama king'amuzi, na hakuna aliyeeleza vizuri marehemu anakwenda wapi mwezi ambao hujalipia.

Ndiyo maana Marjorie Prime ilipopanda Broadway Desemba 2025, June Squibb wa miaka 96 akimcheza Marjorie, ilikutana na watazamaji wa aina nyingine. Sentensi zilizohitaji kuelezwa mwaka 2014 hazikuhitaji tena. Watu ukumbini walikuwa wameshazungumza na programu inayojibu kwa adabu ile ile ya Walter, inayokubali kurekebishwa papo hapo na kuomba radhi. Tamthilia ilikuwa imehama aina: iliingia ukumbini kama sayansi ya kubuni na Broadway ikachezwa kama tamthilia ya kifamilia.

Kuna kitu kimoja, hata hivyo, ambacho Harrison hakukipiga vizuri, na nakitaja kwa kuwa mengine yote aliyapiga. Walter wake ni mtupu mpaka asimuliwe. Marehemu wa siku hizi haachi utupu. Anaacha sauti za WhatsApp, picha zenye tarehe na mahali, miamala ya M-Pesa, na magomvi yote ya familia kwenye kundi ambalo hakuna mwenye ujasiri wa kulifuta. Binti aliyechumbiwa mwaka 1997 baada ya filamu ya Julia Roberts leo yuko upande wa hamsini, na mumewe, kama amejaliwa kuwa hai, anamwandikia ujumbe sasa hivi kuuliza gesi imeisha au bado. Nakala ya bwana huyo haitamsubiri mkwe na glasi yake. Itakuja ikiwa imesoma kila kitu, na siku bibi atakapoomba wawe walitazama Casablanca, huenda ikamjibu, kwa adabu zote, kwamba kumbukumbu zilizopo zinaonyesha vingine, na kwamba usiku ule, tena, yeye alikuwa amenuna.